Kanga wa Luhende

Luhende aliokota mayai tisa ya kanga katikati ya shamba la pamba, akamwekea kuku ayaatamie. Mkewe, Milembe, alikuwa amezikwa mwezi ule, na watoto walikuwa wamesharudi mjini Bariadi. Nyumba ilikuwa kimya hivi kwamba siku aliposikia vifaranga wakilia, alitoka nje na mswaki mdomoni.

Wiki ya kwanza, kivuli cha mwewe kikipita, walilala chini kama mawe. Ungeweza kuwakanyaga. Wiki ya tatu wakaanza kukimbia, na hawakumkimbilia kuku. Walijipenyeza katikati ya miguu ya Luhende, pale alipokaa kwenye kigoda chake. Akaacha kwenda kilabuni. Akawa anashinda pale akimngoja mwewe.

"Shemeji, wakate mabawa wiki hii," alisema Nyanjige, dada wa marehemu, akipita na ndoo kwenda kisimani. "Wakijua kuruka utabaki na kigoda."

"Hawa wananijua."

"Wanajua miguu. Hata ungekuwa kisiki wangekuja."

Luhende hakupenda neno lile. Akaiacha wiki ile ipite, na nyingine mbili. Jumapili mwewe akapita chini chini. Kanga wakaruka wote hadi juu ya paa la bati, wakapiga kelele mpaka mwewe akageuza. Hakuna aliyekitazama kigoda.

Kesho yake akamwaga mtama, mkasi mfukoni. Akamdaka mmoja mguu, na ndege akilia vile ambavyo hakuwahi kumsikia, akamkata manyoya ya bawa. Alipoinua kichwa, wanane walikuwa juu ya bati wakimpigia yeye kelele zile zile za mwewe. Jioni hawakurudi.

Yule mmoja akabaki. Kila asubuhi alisimama ukingoni mwa uwanja akiita, na wenzake wakamjibu kutoka ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Luhende akisogea, ndege alijibana ukutani na kulala chini, kimya, kama kifaranga wa wiki moja.

"Shemeji," Luhende alimuuliza Nyanjige, "manyoya ya bawa yanaota baada ya muda gani?"

"Miezi. Unataka kumkata tena?"

"Nataka awafuate wenzake."

Nyanjige hakucheka. Luhende akamwaga mtama, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, ndege apate kula.