Nani Atamfunulia Chungu

Kifuniko kilikuwa kimekwisha kutoka juu ya chungu. Kilikuwa mkononi mwa mzungu, na mvuke wa sombe, yale majani ya muhogo, umeziba miwani yake. Alikuwa amesimama katikati ya jiko letu la uani, mtaani Katuba, mzee mrefu mwenye shati la mikono mifupi, akitabasamu peke yake kama mtoto aliyeokota kitu kizuri. Kisha akachovya kidole ndani, akakilamba.

Tantine Wivine, shangazi yetu, alikuwa anachagua maharagwe. Mikono yake ikabaki hewani. Yaya Lydie, dada yangu mkubwa anayeposwa, akafumba macho. Mimi nilikuwa mlangoni na glasi chafu, na sikumtazama mzungu. Nilimtazama mama yetu, Mama Germaine, kwa sababu uso ule ndio ungeamua kama kutakuwa na ndoa.

Kwetu, watu waliotoka upande wa Luapula, mkwe hali chakula nyumbani kwa mchumba wake. Anapewa kiti, anapewa sucré, yaani soda baridi, anapewa maneno. Chungu hakigusi, yeye wala watu wake, mpaka siku wanawake wa nyumba watakapombebea kila wanachopika, wamfunulie kimoja kimoja na kumwambia hiki ni nini. Wazee wanaiita chilanga mulilo. Sisi watoto wa mjini tunasema kuonyesha moto. Kabla ya siku hiyo, kufunua chungu ni sawa na kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe bila kubisha.

Huyu mzee aliitwa Monsieur Fernand. Mtoto wake, Bastien, alikuwa amekuja kufundisha kwenye chuo kikuu, akampenda yaya Lydie aliyekuwa akifanya kazi maabara huko huko, na baada ya ndoa alitaka kumpeleka kwa baba yake, Ubelgiji. Baba alipanda ndege kutoka mji mmoja karibu na Liège ili aone kwa macho yake mtoto anaoa wapi. Na kilichokifanya kifuniko kile kiwe kizito ni maneno aliyoyasema muda mfupi kabla, mbele yetu wote.

Alikuwa ameyasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya upole. Ba Osée alitafsiri. Ba Osée alifanya kazi kwenye reli mpaka alipostaafu, na Bastien alikuwa amemchagua awe shibukombe wake, yaani mdomo wake, maana mchumba hasemi na wakwe kwa mdomo wake mwenyewe.

“Sina neno na Lydie,” alisema Monsieur Fernand. “Lakini Ubelgiji wameingia watu wengi mno. Jengo ninaloishi silijui tena. Nilipokuwa kijana, nikipanda ngazi nilisalimia kila mlango. Mke wangu alipokufa, na baadaye mimi nilipotoka hospitali, hakuna aliyebisha kwangu. Nasema tu kwamba nchi ifunge mlango kidogo. Na mtu akiingia nyumba ya mwenzake, ajifunze kwanza sheria za nyumba hiyo.”

Tantine Wivine alikuwa ameegemea ukuta. Akasema kwa Kiswahili chetu cha mjini, chenye ‘njo’ badala ya ‘ndio’ na ‘bantu’ badala ya ‘watu’:

“Mumuulize bankambo, babu zake wa zamani, wakati balikuja kuchimba shaba yetu, balijifunza kwanza sheria ya nyumba gani?”

Monsieur Fernand akamgeukia Ba Osée, akingoja. Ba Osée akakohoa, akainua glasi yake, akaitazama kama imeandikwa kitu.

“Anasema karibu sana,” akatafsiri.

Bastien, ambaye Kiswahili chetu alikuwa anakisikia vizuri, alipaliwa na Fanta yake mpaka ikamtokea puani.

Ndipo mzee, kwa heshima yake ya kizungu, akaona si vizuri wanawake wabebe glasi wakati yeye amekaa. Akasimama, akachukua mbili, akanifuata jikoni, ambako mama na wenzake walikwisha kurudi, akanipita mlangoni. Yaliyobaki mmekwisha kuyaona.

Mama aliinuka kwenye kigoda polepole. Akanyoosha mkono, akachukua kifuniko bila kugusa vidole vya mkwe, akakirudisha juu ya chungu.

“Iko na chumvi ya kutosha?” akamuuliza.

Monsieur Fernand hakuelewa neno hata moja. Akainua dole gumba.

*

Niliacha shule nilipomaliza darasa la sita, nikaenda kukaa na mama nyuma ya meza ya samaki. Mama anauza samaki wa chumvi wanaoletwa na malori kutoka Kasenga. Zamani alikuwa anawafuata mwenyewe mpaka Kasomeno. Pale mezani nilijifunza kutazama. Mwenye kusema samaki hawa wananuka anaweza kuwa ndiye mwenye njaa kuliko wote. Mama anamjua huyo mapema. Hajibizani naye. Anamgeuzia samaki upande wa pili, anangoja.

Kwa hiyo wageni walipoondoka na nyumba ikawaka moto wa maneno, mimi niliendelea kumtazama yeye.

“Njo yeye mwenye kufundisha bantu sheria!” Tantine Wivine alikuwa anazunguka uani. “Akatia kidole! Mu nyungu ya bakwe! Alete mbuzi mubili, na ndoa ingoje mpaka akili imufikie.”

“Kosa ni yangu,” Ba Osée alisema. Alikuwa amerudi peke yake, kofia mkononi. “Sikumuambia. Nilifikiri atakaa tu kwenye kiti.”

“Muzungu akae kwenye kiti? Ulimuona wapi?”

Yaya Lydie alikuwa ameinama kwenye bomba, ananawa uso usiokauka. Yeye ndiye alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na sikuwahi kumwona hivyo.

“Mama,” akasema, “ukimukatalia baba yake, Bastien atanioa tu. Ataacha baba yake, atakuja. Lakini mimi sitaki muntu mwenye kuacha bantu yake sababu yangu. Na Bulaya siwezi kwenda bila moto yenu. Nitakuwa mugeni kule, na mugeni huku.”

Mama alikuwa anakoroga sombe ile ile.

“Ile sheria ya nyungu,” akauliza, “nani alimuambia?”

Tantine Wivine akaacha kuzunguka.

“Minauliza. Nani?”

“Hakuna,” akasema Ba Osée.

“Sasa alikuwa ataijua namna gani? Tuliiandika ku mulango?” Akagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu. “Na beko bantu wangapi kule kwake, benye kufunua nyungu sababu hakuna mwenye aliwaambia? Jumamosi tunabeba moto. Na ule vié, ule muzee, atakaa pembeni ya mutoto wake, tutamuonyesha naye.”

“Haiyafanyikaka!” akalia Tantine Wivine.

“Itafanyika. Lakini niko na ulizo moja ya kumuuliza. Akikosa jibu, tunafunika nyungu zetu tunarudi nazo, hata bukari yenye moto. Na ndoa inaisha pale pale. Lydie, umesikia?”

Yaya Lydie alisikia. Alikubali kwa kichwa, mikono imeshika bomba.

*

Wageni walikuwa wamepanga nyumba kule Golf, mtaa wa kuta ndefu, maua yakimwagika juu ya kuta, mbwa wakibweka kwa zamu. Tulifika na minibasi ya kukodi, kila mwanamke na chungu mapajani kimefungwa kwa liputa, kitenge chake. Mlinzi alidhani tunauza chakula.

“Tunauza hapana,” Tantine Wivine akamwambia. “Tunaozesha. Fungua!”

Tukaingia tukiimba. Sitasahau miguu ya mama kwenye ile sakafu inayong’aa: amevua viatu mlangoni, anakwenda taratibu, chungu kichwani hakitikisiki, na sauti yake, ambayo sokoni ni ya kukwaruza, imekuwa laini kama ya msichana. Hata Tantine Wivine, aliyekuja amekunja uso, aliitikia kwa nguvu zote.

Tukaweka vyungu chini kwenye mkeka. Bastien aliketi, na baba yake kando yake, magoti yamekaribia masikio. Mama akapiga magoti mbele yao, akaanza kufunua.

“Hii ni bukari, ugali yetu. Bila hii hujala, hata kama umeshiba.” Ba Osée alitafsiri. Mara hii alitafsiri kila neno. “Hii ni samaki ya chumvi. Njo ilisomesha Lydie. Hii ni kuku muzima, hatukukata. Mukwe peke yake njo tunamupa hivi. Hii ni maharagwe ya mwisho wa mwezi. Utaikula mingi, usikasirike. Hii ni sombe.” Akatua kidogo. “Hii mwenzako anaijua.”

Bastien akamnong’oneza baba yake. Uso wa mzee ukawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye upara. Ndiyo kwanza alikuwa anaelezwa siku ile alifanya nini.

“Madame,” akaanza, “mimi nilisema kuhusu sheria za nyumba, na mimi mwenyewe…”

“Tuko tunakula,” mama akamkata, na kuendelea. Chungu cha mwisho kilikuwa cha vinkubala, wale viwavi wakavu wa msituni, waliokaangwa na nyanya. Monsieur Fernand akavitazama, navyo vikamtazama.

“Ni lazima?” akauliza.

“Lazima hapana. Tunakuonyesha ili siku utavikuta ku meza usikimbie. Ukikataa, ukatae kintu yenye unajua.”

Akachukua kimoja. Akatafuna kwa muda mrefu sana, akitazama dari. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na yeye akacheka, na kwa mara ya kwanza nikaona Bastien alikotoa lile pengo la meno yake ya mbele.

Mama hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akafuta mikono.

“Ba Osée, umuambie hivi. Ulisema muntu ajifunze kwanza sheria ya nyumba. Ulisema vizuri. Mutoto yangu anakuja mu nyumba yako. Hajui kintu. Atatia kidole fasi haifai, atakaa ku kiti ya muntu, atasalimia wakati haisalimiwe. Akifika, nani atamufunulia nyungu?”

Ba Osée alitafsiri polepole, akiweka kila neno mahali pake. Yaya Lydie alikuwa ukutani, amekunja vidole vya mkono mmoja ndani ya mkono mwingine. Wanawake, bila kuambiwa, walikwisha kusogeza mikono kwenye vifuniko.

“Hatuwezi kumpikia kila anayekuja, Madame,” mzee akasema. “Ni watu wengi.”

“Sikuuliza juu ya bote. Niliuliza juu ya Lydie.”

“Nyumbani kwangu hakuna anayepika. Tangu mke wangu…”

“Sikuuliza nani anapika. Niliuliza nani atafunua.”

Bastien alifungua mdomo. Mama alimwinulia kidole kimoja tu, naye akaufunga tena. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

“Mimi,” akasema.

Alilisema kwa Kiswahili. Sijui alilijifunza lini, kwenye ndege au siku zile chache. Lakini alilisema neno lile akimtazama Lydie, si mama, na yaya Lydie akaketi chini palepale alipokuwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani.

Tantine Wivine ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

*

Kwenye redio wanabishana kama nchi ile iliyotutawala iwapokee watu wetu au iwarudishe. Wasomi wanapiga meza. Mimi nasikiliza nikipanga samaki, na siwezi kuijibia nchi nzima. Najua tu nilimwona mwanamke akipiga magoti mbele ya mtu aliyesema mlango ufungwe, na kwenye yale magoti hapakuwa na unyonge wowote. Na nilimwona mzee mwenye mvi akikubali kubadilika mbele ya watu asiowajua, akiwa na mguu wa kiwavi umebaki kwenye mdomo. Sijui kati yao ni nani nilimstaajabia zaidi.

Ruhusa ya yaya Lydie ya kuingia Ubelgiji ilichelewa sana. Alipoondoka, Jumapili ya kwanza alituita kwa video, mchana, sisi tumetoka misa. Tulikaa wote mbele ya simu moja.

“Muone,” akasema, akageuza kamera.

Meza ilikuwa imejaa vyungu, hakuna kinachofanana na mwenzake. Monsieur Fernand alikuwa amesimama nyuma yake na tai shingoni. Yeye mwenyewe alijua kupika kitu kimoja tu, mipira ya nyama katika mchuzi mtamu. Kwa hiyo alikuwa amepanda na kushuka ngazi za jengo lake, akabisha kila mlango, akaomba. Akafunua mbele yetu, kimoja kimoja. Hii ni couscous ya mama mmoja kutoka Maroko, wanaila Ijumaa. Hii ni ya Mturuki wa chini, inaliwa baridi, usiipashe moto. Hii ni ya Mwitalia. Baba yake aliletwa kuchimba makaa ya mawe. Alikuwa ameuliza kila kitu, na alisema kwa fahari, kama mtu anayeonyesha shamba lake.

“Hii njo Bulaya?” Tantine Wivine akashangaa.

“Njo Bulaya,” akasema yaya Lydie.

Mama alisogea karibu na simu.

“Ule mama wa couscous,” akasema, “jina yake nani? Ninataka nimutumie salamu.”

Yaya Lydie akageuka, akauliza kwa Kifaransa. Mzee alikuwa na kijiko mkononi.

“Ni… mama wa ghorofa ya tatu,” akasema.

Jina ndilo hakuwa ameliuliza. Akaweka kijiko mezani. Akachukua koti lake mlangoni, akalivaa, akafunga vifungo vyote, ingawa alikuwa anapanda ngazi tu.

“Mega za simu zitaisha,” Tantine Wivine akanong’ona.

“Ziishe,” akasema mama.

Tukangoja. Mlango ulifunguliwa, na viatu vikaanza kupanda, vizito, vikipumzika kidogo kila kona. Kisha mbali juu, nyuma ya kuta zote zile, tukasikia mtu anabisha.