Landkruza ya Wakulima wa Zabibu

Zipora alipoliona lile gari likiingia Hombolo kwa mbwembwe, alitupa chini mkasi wa kuvunia. Kikundi cha wakulima wa zabibu kilikuwa kimekubaliana mkutanoni, mikono juu, kwamba inunuliwe pikapu. Kwa misimu mitatu walikubali mauzo yao yakatwe kwa ajili hiyo. Mwenyekiti Castory katumwa Dar es Salaam, na sasa anarudi na nini? Landkruza nyeupe yenye pazia madirishani. Pazia! Kwani zabibu zinaona aibu?

"Mbukwenyi!" Castory alisalimia kwa Kigogo chake cha kuombea kura, kwa maana mwaka huo wa uchaguzi wa vyama vingi alikuwa anagombea udiwani kupitia chama tawala.

Zipora alilizunguka gari lote. "Pikapu iko wapi?"

"Mama Lea, tulia. Pikapu siku hizi ndiyo gari la wapinzani. Wanafunga spika nyuma, wanazunguka kututukana. Mimi nikionekana ndani ya pikapu, wakubwa si watasema nimeshahamia kule? Hili ndilo gari la Serikali. Ukifika nalo mahali, unasikilizwa."

"Na zabibu tutabebea wapi? Kwenye pazia?"

Wenzake walicheka, lakini Zipora hakuwa na mzaha. Alikuwa na kadi ya chama tangu usichana, kaimba kwenye mapokezi mpaka koo likakauka, na hajawahi kumwona mkubwa hata mmoja akibeba gunia nyuma ya gari lake. Watu wa ofisini hununua gari la kukalia wao. Mkulima anataka gari la kukalisha mzigo, yeye mwenyewe atajishikiza popote. Castory alilijua hilo, maana naye alikuwa na shamba la zabibu bondeni. Hapo ndipo Zipora alipochomwa hasa.

Zabibu zake zilivunwa jana. Zilikuwa kwenye makreti chini ya turubai na nyuki walishaanza kuzizonga. Zikilala siku moja zaidi, kiwanda cha mvinyo mjini kitazikataa, na binti yake Lea atarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.

"Tutazungumza kesho," Castory alisema. "Sasa nawahi mapokezi ya wakubwa Chamwino."

"Huendi popote."

Zipora alifungua mlango wa nyuma, akabwaga kreti juu ya kiti. Wanawake wenzake wakaelewa, wakaanza kubeba.

"Viti vya watu hivyo!" Castory alipiga kelele.

"Sisi ni mbuzi?"

Maji ya zabibu yalichuruzika kwenye vitambaa vipya. Dereva Hanifu, aliyeajiriwa na kikundi, alimtazama mwenyekiti, akamtazama Zipora, kisha akaenda kukunja viti vya nyuma ili makreti mengine yaenee. Zipora alikaa mbele, mahali pa Castory, akamwambia Hanifu awashe gari.

Njia nzima Zipora alikuwa akimfokea Castory, waliyemwacha Hombolo. Walipofika kiwandani walikuta foleni ndefu ya matrekta, mikokoteni ya punda na pikapu chakavu, na wenye mizigo wamelala chini ya matela kusubiri zamu. Hanifu alipunguza mwendo ili ajipange nyuma. Lakini mlinzi alishaiona Landkruza na bendera ya chama aliyoifunga Castory kwenye boneti. Alikimbia, akafungua geti lote, akakakamaa na kupiga saluti.

"Pita, mheshimiwa!"

Hanifu alimwangalia Zipora. Zipora aliangalia foleni, kisha akazitazama zabibu zake zinazovuja.

"Ingia," alisema.

Mwanamke mmoja aliyesimama kando ya punda wake na makreti yaliyojaa nyuki alitema mate chini. "Piteni! Nchi si yenu?"

Zipora alijaribu kushusha kioo. Alitaka kumwambia kwamba yeye ni mkulima, kwamba gari hili hawakulitaka, kwamba huku ndani nako zinaoza. Hakujua kioo cha gari lile kinashushwaje. Alikuwa bado anapapasa mlango, machozi ya hasira yakimtoka, geti lilipofungwa nyuma yao.