Kitanda Kilichovurugwa kwa Mikono

Habari hii kanipa Bi Almeda Zagers mwenyewe, mwaka jana, juma lile la kuelekea Pasaka, tumekaa jikoni kwake tunamenya mbaazi. Mvua ilikuwa imetufungia ndani, na ukifungiwa ndani na Bi Almeda hutoki mikono mitupu. Nusu ya habari nilikuwa naijua, maana kijiji chetu cha Windwardside, hapa kisiwani Saba katika Bahari ya Karibi, ni kidogo: mtu akipiga chafya kwa akina Hassell, afya anaitikiwa kwa akina Simmons. Lakini ile nusu aliyokuwa ameikalia ndiyo yenye utamu.

Bi Almeda ana nyumba ya wageni aliyoachiwa na mama yake, ya mbao nyeupe na paa jekundu, vyumba viwili vya kupangisha. Cha mbele kinatazama bahari. Cha nyuma kinatazama mlima na ukungu wake. Kila Januari, tangu Bi Almeda nywele zake zikiwa nyeusi, chumba cha mbele kilikuwa cha mabwana wawili. Mmoja Wouter, Mholanzi mrefu, mwalimu wa jiografia. Wa pili Elvio, mtu wa kisiwa cha Kurasao, fundi wa piano, mfupi, mwingi wa maneno. Siku ya kwanza walipofika, Wouter alisimama mlangoni kofia mkononi akasema, "Sisi ni mabinamu."

Mmoja mweupe kama tui, mwingine mweusi kama chungu kilichozoea moto. Mahali pengine watu wangecheka. Lakini kwetu hapa Saba ukoo mmoja una rangi zote, na binamu hapimwi kwa ngozi. Bi Almeda akasema tu, "Karibuni, mabinamu," akawapa chumba chenye vitanda viwili vyembamba, kimoja ukutani, kimoja dirishani.

Asubuhi yake akaingia kutandika. Kitanda cha ukutani kilikuwa kimelaliwa. Cha dirishani kilikuwa kimevurugwa. Hayo ni mambo mawili, na mwanamke aliyeanza kutandika vitanda vya wageni kabla hajang'oka meno ya utoto hayachanganyi. Kitanda kilicholaliwa kina bonde katikati, na shuka imekunjamana kufuata mwili wa mtu. Kilichovurugwa kwa mikono kina makunyanzi ya haraka haraka juu juu, na mto umepigwa ngumi kama unga wa mkate. Bi Almeda alikitazama, akatabasamu, akavitandika vyote viwili sawasawa. Hakusema neno. Mama yake alimfunza kwamba ya chumbani huishia chumbani.

Tena alikuwa na lake moyoni. Kaka yake, Clement, alikwenda Kurasao kufanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta, akarudi Krismasi moja na rafiki yake. Baba yao akaona walivyokuwa wakitazamana, akasema rafiki akatafute pa kulala kwingine, nyumba hii haina kitanda chake. Clement akabeba sanduku lake, wakateremka wote wawili ngazi za mawe mpaka majini, na hakurudi tena, hata mama yao alipozikwa. Basi kila Bi Almeda alipotandika kile kitanda cha dirishani ambacho hakikulaliwa, aliona kama anamtandikia Clement na mwenzake. Hilo hakumwambia mtu.

Januari zile, asikwambie mtu, zilikuwa na raha yake. Elvio alikuwa akienda kanisani kuitengeneza piano iliyoliwa na chumvi ya hewa, bure, kwa sahani ya shelisheli la kukaanga, na watoto wakimzunguka wakibonyeza wasipotakiwa kubonyeza. Wouter alipanda mlimani na viatu vyake vikubwa akarudi na matope mpaka masikioni, akasema ameona ndege. Ndege gani hajui. Jioni walikaa barazani wakinywa ramu ya viungo ya Bi Almeda, wakitukanana juu ya karata mpaka majirani wakavuta viti ili wasikie vizuri. Na alfajiri, Bi Almeda akiwa jikoni, alisikia kupitia ukuta wa mbao: *kwiri, kwiri, kwiri*. Wouter huyo, anagaagaa juu ya kitanda cha dirishani ili kionekane kimelaliwa, na Elvio anacheka na mto mdomoni. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake Bi Almeda. Akisikia *kwiri*, anaweka kahawa motoni.

Miaka ikaenda kwa mtindo huo, nywele zikapauka, kijiji kikabadilika. Ikafika wakati mume na mume wanaandikishwa serikalini mchana kweupe, na dunia haikupasuka. Mwaka juzi mwezi wa Juni simu ikalia.

"Bi Almeda," ilikuwa sauti ya Elvio, "mabinamu wameoana."

Bi Almeda akacheka, akalia, akaweka simu, akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha mbele. Akavitazama vile vitanda viwili. Akasema, "Sasa basi. Uongo umestaafu."

Akaagiza kutoka Sint Maarten, kisiwa cha jirani, kitanda kikubwa cha mbao nyekundu chenye godoro nene la kifahari. Kikaja na boti, kikapandishwa mlimani na gari, kikafika mlangoni, kikakataa kuingia. Ikabidi dirisha ling'olewe na fremu yake, na wanaume wa mtaa waitwe.

"Bi Almeda, kumbe unaolewa na hujatuambia!" akasema jirani yake Carlton, huku kitanda kimemwelemea begani.

"Nikiolewa si na wewe. Sukuma."

Vile vitanda vyembamba vikahamishiwa chumba cha nyuma. Na Januari ilipofika, chumba hicho kikachukuliwa na wasichana wawili wa Kurasao, Mirelva na Jodeska, waliofunga ndoa juzi juzi na kuja kula fungate. Hao walikuwa wameshikana mikono hata wakinywa supu. Hawakumficha mtu, wala haikuwapitia akilini kwamba kuna cha kuficha. Bi Almeda aliwatazama akasema kimoyomoyo, subirini wazee wangu waje waone.

Wazee wakaja. Elvio sasa alikuwa na fimbo. Bi Almeda akawafungulia mlango wa chumba cha mbele, akasimama kando, mikono ndani ya aproni. Kitanda kile alikuwa amekifanya barua. Yote ambayo hakuyasema miaka ile aliyatandika pale.

Wouter alikitazama kama mtu anayetazama meli.

"Loo, Bi Almeda," akasema Elvio. "Hiki si kitanda. Hiki ni wilaya."

"Mmekipenda?"

"Mno!" wakasema wote pamoja, upesi kuliko inavyostahili.

Asubuhi Bi Almeda aliingia kutandika. Akasimama. Kitanda kilikuwa kimevurugwa kwa mikono, pande zote mbili. Hakuna bonde, mito yote imepigwa ngumi.

Akajiambia labda amekosea, uzee una macho yake. Kesho yake ikawa vilevile, na alipotoka barazani akakuta kile kiti kirefu cha henzirani kina blanketi lililolowa ukungu. Kumbe mmoja analala nje! Mezani nako mambo hayakuwa mambo.

"Nipe siagi, tafadhali," alisema Wouter.

"Asante kwa kuomba, hii hapa," alisema Elvio.

Watu waliotukanana karata miaka yote ile, leo tafadhali na asante! Wapenzi wa siku nyingi wakianza adabu, ujue nyumba inaungua.

Siku hiyo Bi Almeda hakushona wala hakumwagilia maua. Alikaa jikoni akijilaumu. Wamegombana, na mgombanishaji ni mimi. Walikuwa wanaishi vizuri na uongo wao mdogo, mimi na kiherehere changu nimewaletea ukweli usiopita mlangoni. Nimewaumbua, mwenye nyumba kajitia chumbani kwao. Jumamosi watapanda boti, na hawatarudi, kama Clement asivyorudi. Baba alimfukuza mtu kwa kumnyima kitanda. Mimi nitawafukuza wangu kwa kuwapa.

Keshoye mchana akapika mbuzi, vile Elvio anavyopenda, na mkate wa kukaanga, na stafeli iliyogandishwa. Akawaita na wasichana, kwa sababu alijua akiwa na mabwana wale peke yake atalia. Wakala. Mbuzi akasifiwa. Bi Almeda hakugusa sahani yake. Mwishowe akasema:

"Bwana Wouter, jana ulilala wapi?"

Kijiko cha Wouter kikasimama njiani. "Kitandani, Bi Almeda. Kitanda kizuri sana."

"Upande gani?"

"Wa dirisha," akasema Wouter.

"Wa dirisha," akasema Elvio, naye kwa wakati uleule, akitaja upande wake mwenyewe.

Wasichana wakatazamana.

"Msinifanye mtoto," akasema Bi Almeda. "Kitanda kilichovurugwa kwa mikono nakijua. Nimekitandika kitanda hicho tangu mlipokuja kwangu mkajiita mabinamu."

Paa likasikika likidondosha maji ya ukungu kwenye tangi.

"Ulikuwa unajua?" akauliza Elvio.

"Tangu asubuhi ya kwanza."

"Ya kwanza!" Elvio akamgeukia mwenzake. "We mzee, umesikia? Miaka yote unaniamsha na giza: Elvio, kitanda! Elvio, kitanda! Unagaagaa kama punda vumbini, kumbe mwenye nyumba anakusikiliza!"

"Mimi nilikwambia mto ulaliwe kidogo," akasema Wouter, amekuwa mwekundu mpaka shingoni. "Wewe ndiye uliyesema ngumi inatosha."

Elvio alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Lakini Bi Almeda hakucheka.

"Niambieni basi. Kama ni kitanda changu kimewagombanisha, leo hii nakipasua kuni."

"Tugombane?" Elvio akafuta macho. "Bi Almeda, ni nyonga yangu. Godoro lako laini kama uji. Nikilala nazama, kutoka mpaka nivutwe kama gari matopeni. Na huyu anakoroma kama meli inayoomba njia bandarini. Kwetu tuna vitanda viwili siku nyingi sasa. Chake huku, changu kule, meza ndogo katikati. Ndoa yetu imesimama juu ya vitanda viwili!"

"Na barazani je?"

"Barazani ni mimi," akasema Wouter. "Nilitoka ili yeye apate usingizi."

"Na mimi nikashuka sakafuni, maana ubao mgumu ndio dawa ya nyonga."

Bi Almeda akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo kitandani kwangu halali mtu yeyote?"

"Hakuna," akasema Elvio. "Lakini tunakivuruga kwa moyo wote."

"Mbona hamkusema?"

"Mtu kang'oa dirisha la nyumba yake kwa ajili yako," akasema Wouter taratibu, "utamwambia nini?"

Hapo kikasikika kicheko cha kukabwa. Alikuwa Mirelva, uso kwenye bega la mwenzake.

"Bibi, na sisi tuseme? Tumeviunganisha vile vitanda vyembamba, lakini usiku vinaachana. Jodeska ameshaanguka katikati, nikamvuta kwa mguu."

"Juzi," akasema Jodeska, "jana pia. Nina alama."

"Kumbe ule mshindo ni nyinyi!" akasema Bi Almeda. "Mimi namtukana mbuzi wa Carlton!"

Akajifunika uso kwa aproni. Mabega yakatikisika, na kwa muda hawakujua kama analia au anacheka. Alipoifunua ilikuwa vyote viwili.

Basi hakuna kitanda kilichohamishwa, maana lile dirisha lisingeng'olewa mara ya pili. Walihama watu. Wasichana wakabeba masanduku ya wazee, kisha yao, wakapishana ukumbini na mito kichwani wakicheka. Chumba cha nyuma vitanda vikatenganishwa tena, kimoja ukutani, kimoja dirishani. Elvio akasimama katikati ameegemea fimbo, akashika ubao wa kichwani wa kile cha ukutani, pale palipokwaruzwa na saa yake zamani zile, alipokuwa akinyoosha mkono gizani.

"Tazama, mzee. Alama yangu ipo."

"Mimi nalala ukutani," akasema Wouter, "kama siku zote."

"Na mimi hiki cha dirishani," akasema Elvio. "Kimengoja vya kutosha."

Alisema hivyo kwa mzaha, hakujua lolote la Clement. Bi Almeda aligeuka upesi akajidai anatafuta foronya.

Ukungu ukateremka kutoka mlimani, kama unavyoteremka mchana watu wakishiba mbuzi, na nyumba nzima ikaingia kulala. Bi Almeda akakaa barazani kwenye kiti cha henzirani, kitambaa chake cha nakshi za uzi mapajani. Chumba cha mbele vicheko vikapungua, vikawa pumzi, vikaisha. Akatega sikio chumba cha nyuma. Kitanda cha ukutani kikalia mara moja, huyo Wouter. Akangoja. Kisha cha dirishani kikalia, si ile *kwiri kwiri* ya haraka ya alfajiri, bali pole pole, kama mzee anavyojilaza: nyonga kwanza, kisha mguu, kisha wa pili.

"Binamu," ikasema sauti ya Elvio. "Umelala?"

"Bado."

"Ukikoroma nakurushia kiatu."

"Rusha."

Haikuchukua muda meli ikaomba njia bandarini. Kiatu kikaanguka sakafuni kwa uvivu, kimerushwa na mtu aliyekwisha kusinzia. Bi Almeda akafikiri kwamba akiingia baadaye kutandika atakuta mabonde mawili, moja ukutani, moja dirishani, naye atayaacha kidogo ayatazame kabla hajayanyoosha. Sindano ikamtoka vidoleni, ikaning'inia kwenye uzi wake, na ukungu ukapanda ngazi za baraza ukamkuta amelala.