Mvua Iliyouliza Kabila

Nyumbani kwa Bi Masouda, Maskati, kila mtu aliijua kanuni: atakayeyataja kwa jina lake yale yaliyotokea Unguja Januari ya mwaka wa sitini na nne, ataosha vifinjani vyote vya kahawa, na dele, birika la kahawa, atalisugua kwa jivu. Yale yaliitwa "mvua", basi.

Harub, aliyekuwa mwalimu kabla ya kukimbia, hakuwa na ugomvi na kanuni hiyo mpaka Bi Masouda, shangazi yake, alipomwagiza aandike riwaya, ili mwanawe Ishaq asisahauliwe. Harub alitaka jambo moja tu: Ishaq afe kitabuni kama alivyokufa kweli, kwani Harub mwenyewe alikuwa amejificha darini, akayaona yote.

Alasiri ya Ijumaa moja, miaka mitatu baada ya agizo hilo, jamaa walikusanyika kusikiliza sura ya sita.

"Mvua ikagonga mlango," Harub akasoma. "Ikamwuliza Ishaq: Wewe kabila gani?"

"Ngoja," akasema Ami Aflah, kaka yake Bi Masouda. "Mvua gani hiyo yenye kuuliza kabila?"

"Ya nyumba hii, Ami."

"Haya, endelea."

"Mvua ikainua panga..."

"Panga la nini!" Bi Masouda akakemea. "Huko ni kulitaja jambo. Tia kitu chengine."

"Kitu gani, shangazi?"

"Hata ufagio."

Harub akakata, akaandika, akasoma upya kwa sauti yake ya darasani: mvua ikainua ufagio, ikampiga nao Ishaq shingoni mara tatu, kisha ikaingia ndani, ikajitwika cherehani, ikaenda zake.

Rahila, binti wa Ami Aflah, alikaza midomo, akashindwa. "Ufagio na cherehani! Mvua hiyo ilikuwa ikihama nyumba?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Harub naye akacheka, na papo hapo akaona haya ambayo hajapata kuiona tangu ateremke Maskati.

Bi Masouda alingoja mpaka wakanyamaza.

"Mnamcheka mwanangu."

"Hatumcheki yeye, dada..."

"Mnamcheka. Harub, futa ufagio. Ishaq kachinjwa kwa panga. Na mvua ifute. Alikuwa mtu, nnamjua: Bakhit, aliyetuchotea maji miaka kumi na moja."

Harub akaandika.

"Andika pia kwamba chakula nikimpa nje, barazani, kwa sahani yake mbali, hata siku ya Idi. Ishaq akiniambia, mama, mwite ndani. Nikikataa."

"Shangazi, watasema unamtafutia udhuru."

"Simtafutii. Kamuua mwanangu, Mungu atamhukumu. Lakini ukiandika panga ukaiacha sahani, umeandika ufagio mwengine."

Harub alijaza ukurasa, akamsomea. Bi Masouda akaitikia kwa kichwa.

Rahila akanyanyua sinia ya vifinjani. Bi Masouda akamnyang'anya.

"Kwani nani kataja? Wewe?"

Vilikuwa kumi na saba. Alichutama mwenyewe penye beseni akaviosha kimoja kimoja, kisha akachota jivu, akalisugua dele mpaka likang'aa.