Mwiko wa Daktari wa Besiboli

Anayetaka kunituliza asijisumbue. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Mwaka ule wa Azimio la Arusha, mume wangu Mbaraka aliteleza kwenye matuta tulipokuwa tukilima shamba la ujamaa, mfupa wa muundi ukatokeza nje. Hospitalini akapokelewa na daktari kijana, Mmarekani, aliyesomea kwenye hospitali ya chuo kikuu huko kwao. Kazi yake huko ilikuwa kutibu wachezaji wa besiboli, mpira ule unaopigwa kwa rungu na watu wakalipwa mshahara. Siku ya kwanza alituambia waziwazi kwamba huenda mguu ukakatwa. Tulimshukuru kwa kusema, maana shamba letu la kabichi limening'inia mlimani, na mtu wa mguu mmoja halimi pale.

Baada ya hapo akawa bubu. Kila asubuhi alikuja, akafungua bandeji, akanusa, akafunga, akaenda zake. Nikimwuliza mguu unaendeleaje, anaweka kidole mdomoni. Hata Nesi Jenoveva, mtu wa kwetu kabisa, akaanza kunikwepa. Nilimbana mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema, macho chini. "Tafadhali, habari za mguu usiulize. Daktari amekataza hata kuutaja."

Kwetu mgonjwa anaulizwa. Umeamkaje, kidonda kinasemaje, umekula nini: kila anayeingia anauliza. Maswali yakikoma, basi watu wamekata tamaa, na kilichobaki ni kumrudisha mtu nyumbani akafie kwa watu wake. Hakuna Mshambaa asiyelijua hilo. Mbaraka aliugeukia ukuta, akakataa uji.

"Nipelekeni nyumbani," akamwambia mdogo wake, Rajabu. "Hawa wameshanizika."

Rajabu akaita majirani, wakaja na machela. Tulimtoa mchana, manesi wakiwa kwenye chakula. Njia ya kwetu inashuka bondeni kisha inapanda tena, na mvua ilikuwa imeilowesha. Waliokuwa mbele waliteleza, Mbaraka akaangukia mguu ule ule. Mlio wa mfupa niliusikia mwenyewe.

Daktari alitukimbilia, akatukuta pale pale kwenye matope.

"Kwa nini mmemtoa?" akapiga kelele. "Mguu ulikuwa unapona! Unapona vizuri ajabu!"

"Ulimwambia nani?" nikamwuliza.

Ndipo akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama. Kwenye besiboli, mrusha mpira akibahatika kuwa na siku nzuri kupita kiasi, wenzake hawamsemeshi wala hawalitaji jambo lile mpaka mchezo uishe. Ukilitaja, bahati inakimbia. Huko hospitalini kwao, madaktari waliuchukua mwiko huo kwa wachezaji. Mgonjwa akipona kuliko walivyotegemea, wote kimya.

Mimi, niliyeambiwa tangu Uhuru niache ushirikina! Kila mkutano bwana afya anatusimanga kwa hirizi zetu, halafu msomi wa chuo kikuu anauvisha koti jeupe mwiko wa wacheza mpira na kuuleta Usambara. Nilimtukana kwa Kishambaa, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili asikose hata neno moja. Rajabu alinivuta mkono, nikauchomoa.

Mguu ulikatwa jioni ile, juu ya goti.

Kesho yake daktari akaja, akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda, macho mekundu. Akaanza kusema, na kusema kwenyewe kulikuwa bila kupumzika: kidonda ni kisafi, homa imeshuka, utapona, kuna fundi anayechonga miguu ya mti, nitakuletea habari zote kila asubuhi. Mbaraka alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Kumbe mdomo unao, daktari," akamwambia. "Ungeutumia nilipokuwa na miguu."