Mlango Aliouagiza Mjomba

Mgeni alipiga hodi mfuko wa vifaa ukiwa begani, penseli imechomekwa sikioni.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Fundi seremala. Mjomba wako kanituma ning'oe mlango wa chumba, nimpelekee kwake."

Dada aliduwaa, povu la sabuni likimdondoka viwikoni. Mwisho wa korido, mlango wa kaka yake ulikuwa umefungwa kama kawaida. Kaka, aliyekuwa mpiga soga hodari, siku hizi alipokea sahani kwa mkono mmoja na kuirudisha nusu. Mjomba alisema ni kiburi, akikosa mlango atajificha wapi? Daktari wa kliniki alisema kujitenga huko ndio ugonjwa wenyewe, wamwendee taratibu. Dada hakujua ashike lipi. Kuna siku aliuona ugonjwa. Kuna siku, akiosha vyombo peke yake, aliona uvivu mtupu.

Ila alikuwa ameahidi. Kaka alimnong'oneza kupitia tundu la ufunguo: "Wasinifungulie. Nitafungua mwenyewe." Naye akajibu, "Haya, kaka."

"Mjomba kasema mlango upi?"

"Wa chumba cha kulala, basi. Kanionya nisirudi mikono mitupu. Mzee yule ana maneno!"

"Unamjua, eh?"

"Nilimtengenezea kabati. Mpaka leo ananisema."

Dada alitaka kucheka, akataka kulia, asijue kipi kianze. Chumbani kwa kaka hakukusikika hata kikohozi. Na kama Mjomba ndiye mwenye haki?

"Njoo huku," alisema, akamwonyesha mlango wake mwenyewe, mkabala na njia wanayopita wapangaji wote kwenda bafuni.

Fundi alichungulia, akaona magauni ukutani. "Dada, hapa si analala mwanamke?"

"Si chumba cha kulala? Ng'oa."

"Na wewe je?"

"Pazia lipo."

"Mjomba akijua?"

"Atanisema. Wewe umeshazoea, nami nitazoea."

Bawaba zililia. Fundi aliondoka na mlango kichwani, akiguna. Dada alikuwa akipigilia msumari wa pazia aliposikia sauti iliyokwaruza kutoka mwisho wa korido.

"Wamechukua wa nani?"

"Wangu."

 Dada hakujua kama swali lile ni la heri au la shari. Akaendelea kugonga msumari, polepole, asije akamshtua.