Gesi ya Soko la Ndani

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa choo cha soko, ndiyo maana kila mtu alilisoma. Wananchi walialikwa kutoa maoni kuhusu marekebisho ya sera ya gesi asilia katika soko la ndani.

Soko letu lina sehemu mbili. La nje ni la mabanda na jua. La ndani ni sisi tulio chini ya bati: wauza nyama, vinyozi, washonaji, na mimi dobi. Bomba la gesi linalokwenda kiwandani limepita nyuma ya ukuta wetu, na huu ni mwaka wa sita tunatumia tawi lake. Tulipoona "soko la ndani" hakuna aliyeuliza mara mbili.

"Wanataka kutukatia," alisema muuza nyama. Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

Mimi sikuwa na hamu ya utani. Kabla ya gesi nilichemsha mashuka ya nyumba za wageni kwa mkaa, mapipa manne, na mke wangu ndiye aliyekuwa akikoroga na kupepea. Kifua chake kikaharibika. Daktari alimwambia wazi: ukirudi kwenye moshi, mimi sina dawa tena. Gesi ikikatwa tunarudi kwenye mkaa, maana kazi nyingine sijui. Nikimwambia abaki nyumbani, hanisikii.

Tukaenda kutoa maoni watu kumi na saba, mke wangu akiwemo. Ukumbini kulikuwa na watu wa tai, chupa za maji, na ramani ya mabomba ukutani. Mbele alikaa afisa wa wizara, mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani. Aliponiita nikasimama.

"Natoka soko la ndani, meza ya thelathini na moja. Tunaomba msitukatie gesi."

Watu wa tai wakaangua kicheko. Afisa hakucheka.

"Mzee wangu, soko la ndani hapa maana yake ni nchi nzima. Gesi inayotumika humu nchini, siyo ile ya kuuzwa nje."

Masikio yakaniwaka moto. Redio akadakia nyuma yangu, "Kwani sisi tupo nchi gani, mama?"

Nikaanza kukaa. Angeweza kuniacha nikae, na mkutano ungeendelea vizuri tu. Lakini akasema, "Usikae. Umeshajiandikisha, sema."

Nikauliza kitu kimoja. "Gesi ikipungua, anakatiwa nani kwanza?"

Akafungua rasimu. "Wa mwisho kukatiwa ni mitambo ya umeme, na majumbani. Kabla yao viwanda. Wa kwanza kabisa ni watumiaji wengineo."

"Mimi nipo wapi hapo? Sina mtambo, sina kiwanda, na sokoni silali."

Akapekua kurasa mbele, akapekua nyuma. "Hupo," akasema polepole. "Wewe ni wengineo."

Bwana mmoja wa kiwandani akainua mkono. Akasema wadogo wa sokoni wanatumia tone tu, hakuna haja ya kupoteza muda.

"Kama ni tone, ndugu yangu," nikamwambia, "mkilikata mtajaza nini?"

Safari hii kicheko kilikuwa upande wetu. Mke wangu akasimama bila kuitwa. Si msemaji yule. Akasema, "Siku za mkaa nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Miaka miwili." Akakaa.

Afisa akaandika, akamwomba mke wangu arudie ile ya ukuta, akaandika tena kama ilivyosemwa.

Miezi mitano ikapita. Nilishakata tamaa, sifichi. Kisha yule afisa akaja mwenyewe sokoni, viatu vimelowa maji ya samaki, kitabu cha sera mkononi. Akasimama mbele ya mapipa yangu akasoma: wafanyabiashara wadogo wa masokoni wamewekwa kundi moja na majumbani. Akageuka kwa mke wangu. "Dada, ni yale maneno yako. Nilipoyasoma kwenye kikao hakuna aliyebisha."

Mke wangu akamshika mikono miwili, na mikono yake imejaa povu. Mimi maneno ya shukrani huwa yananikwama. Nikasema, "Ahsante, mama. Ungeweza kutufukuza."

"Haya, andikeni tarehe!" Redio akapiga kelele. "Dobi kashukuru mtu!"

Afisa akacheka, akafuta miwani. Akasema tangazo lile liliandikwa vibaya, safari ijayo watatumia maneno ya kueleweka.

"Usithubutu," nikamwambia. "Tungelielewa, tusingekuja."